Winchi Ifungwe Wapi, Mzee Athumani

Shikamoo, Mzee Athumani.

Nimeiandika hiyo shikamoo halafu nikakaa kimya nikisubiri, kama mjinga. Ukiwa hai ulikuwa unaniacha niiseme mara mbili. Ya kwanza unajifanya unapima oili, hukusikia. Ya pili ndipo unatoa kichwa kwenye boneti na kusema, "Marahaba, Karani. Nilidhani leo Mnyiramba kaamka na kiburi." Nilikuwa nakasirika kidogo kila asubuhi. Sikujua kwamba nilikuwa naisubiri hasira ile.

Ni mimi, Upendo, karani wa usafiri. Leo ni Jumatatu, saa tano asubuhi, na nimekaa kwenye meza yangu ile ile, mlango wa stoo ukiwa nyuma ya mgongo wangu. Nataka kukuambia yaliyotokea tangu tukuzike kule Mungaa, pamoja na jambo moja ambalo hukulijua ulipokuwa hai. Nimeshindwa kulisema mbele ya watu. Naanza na wewe kwa sababu huwezi kunitazama.

Winchi imerudi, ile mashine ya waya ya kujivutia gari likikwama. Vijana waliokwenda kulitoa gari mbugani waliikuta topeni, bado imeshikana na kipande cha ngao ya gari, wakaileta ndani ya gunia. Meneja akasema iwekwe stoo, ni mali ya mradi wa maji. Iko hatua nne kutoka hapa nilipo. Tope jeusi la mbuga limekaukia juu yake na linadondoka vipande vipande, nami nafagia. Waya wake hakuna aliyeufunga. Kila asubuhi nikifungua stoo nakuta mzingo mmoja zaidi umejiachia. Fundi Idi wa gereji ameniambia ni kawaida, waya wa chuma ukishavutwa kupita kiasi haukai tena ulivyowekwa. Najua ni kawaida. Lakini leo ncha yake ilikuwa imefika chini ya mlango, imetokeza upande wangu kama kidole. Nimeirudisha ndani kwa ufagio.

Halafu kuna gari. Limeletwa wiki iliyopita, hadtopu jeupe kama lako, limetumika miaka kadhaa katika ofisi nyingine kabla ya kupewa sisi. Limeegeshwa palepale ulipokuwa unaegesha wewe. Dereva wake anaitwa Jumanne, kahamishwa kutoka Manyoni. Ni mtu wa taratibu. Ana mapacha wa miaka miwili, na picha yao keshamwonyesha kila mtu hapa, hadi mama wa chai. Siku ya kwanza alilizunguka gari mara tatu, akaja dirishani kwangu, akaniuliza:

"Dada karani, winchi ya hili gari itafungwa wapi?"

Nikamwambia bado hatujaandika. Nikajifanya natafuta fomu.

Unakumbuka siku winchi ilipofika, ingali kwenye boksi lake? Ulikuja na kichwa umekiinamisha upande, kama unavyofanya ukisikia injini inasema kitu. Ukaniambia kuwa kifaa hiki kukipata ni rahisi, kazi ni kujua pa kukifunga. Nikakuuliza, kwani si mbele, kama kwenye picha ya boksi? Ulicheka hadi ukashika mlango. "Picha! Aliyepiga picha hakukwama!"

Kisha ukanieleza, na ulinieleza vizuri, Mzee. Ulisema winchi ya mbele inakuvuta kule unakokwenda, na kule hukujui. Ya nyuma inakurudisha ulikotoka, penye udongo mgumu uliokubeba nusu saa iliyopita, na penye miti ya kufungia waya. Katikati ya mbuga hakuna mti. "Mkoa huu wote ni mawe makubwa kama nyumba," ulisema, "lakini ingia mbugani utafute jiwe moja la kukuokoa. Hulipati." Ndipo ukanieleza mnavyofanya ninyi madereva wa huku: mnachimba shimo mbele ya gari, mnazika tairi la akiba, mnafunga waya kwenye lile tairi, na gari linajivuta kwa kitu kilichozikwa. Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tena ukasema kwamba mbele au nyuma ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni winchi inashika nini. Ukatandika gunia chini. "Lala hapo, msomi, ukaone mfupa." Nikalala chali chini ya gari na sketi yangu mpya. Ukagonga kwa spana kile chuma kirefu kinachotoka mbele hadi nyuma. Hii ndiyo chesisi, ukasema, huu ndio uti wa mgongo, vingine vyote ni nguo. Kisha ukanionyesha ngao, yale mabomba yaliyo mbele ya taa. Hayo yamechomelewa hapahapa mjini, ulisema, ni ya kusukuma mbuzi. "Ukifunga winchi kwenye ngao, umemfunga dume la ng'ombe kwa uzi wa kushonea."

Nikasema, "Nimeelewa, Mzee."

Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nawaza sisimizi, na sketi, na kama Meneja akipita ataona miguu ya karani wake imetokeza chini ya gari. Nilisikia sauti yako bila kushika maneno. Yote haya niliyokuandikia hapo juu yamenirudia baadaye, neno kwa neno, wakati hayana kazi. Shuleni nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nimesema nimeelewa maisha yangu yote, na mara nyingi ilikuwa kweli, ndiyo maana nikazoea kulisema hata pale ambapo si kweli.

Meneja alikukatalia kuifunga nyuma. Alisema magari yote yana winchi mbele na haoni sababu ya letu kuonekana kituko. Wewe ulirudi dirishani kwangu, hukununa. Ukasema, "Haya, mbele. Lakini Karani, iandike vizuri." Nikachukua fomu ya kazi. Penye mstari wa mahali pa kufunga nikaandika neno moja, mbele, nikagonga muhuri.

Sasa ndiyo hilo jambo lenyewe.

Kesho yake gari lilikuwa gereji kule Utemini, na wewe ulikuwa umeazimwa kuendesha lori la mabomba hadi Mkalama, simu yako haipatikani. Fundi Idi akanipigia. Watu wawili walikuwa wamesimama dirishani wakisubiri barua zao, Meneja yuko kikaoni na wageni. Fundi akasema, "Karani, hapa umeandika mbele. Mbele kwenye ngao, au mbele kwenye chesisi? Kama ni chesisi nitachonga bamba na kutoboa, siku mbili. Kama ni ngao, leo jioni mnalichukua."

Ningeweza kusema subiri. Ni neno fupi. Ningeweza kusema sijui, nitamuuliza dereva akirudi. Lakini wale watu wawili walikuwa wananisikiliza, na cheti changu cha chuo mama yangu amekitundika sebuleni Kiomboi, na niliona aibu karani wa usafiri asijue mbele ni wapi.

Nikasema, "Ngao."

Fundi akauliza, "Una uhakika? Umeongea na Mzee?"

Nikasema, "Ndiyo."

Uliporudi ulilizunguka gari kimya. Ukaisukuma winchi kwa mguu. Ukaja, na kwa mara ya kwanza hukungoja shikamoo. "Nani kasema ifungwe hapa?" Nikakujibu, "Meneja." Niliona umeniamini. Ukasema basi, safari hii hutaivuta sana, na mkirudi utaipeleka gereji mwenyewe ihamishwe.

Hukurudi.

Naomba nipumzike kidogo, Mzee. Nitaendelea kesho.

*

Ni Jumatano. Jana sikuweza.

Ya mbugani nayajua kwa maneno ya Daudi, fundi wa pampu uliyekuwa naye. Daudi ameacha kazi. Alikuja kuchukua vitu vyake, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akanisimulia akiwa anaangalia vidole vyake. Alisema mvua ya usiku wa kuamkia safari ilikuwa ndogo, juu udongo ulionekana mkavu, chini ukawa uji. Gari likalala kwa tumbo. Mkachimba, mkazika tairi la akiba hatua kama ishirini mbele, mkafunga waya. Daudi akashika swichi. Tairi likaanza kuinuka kutoka kwenye shimo, tope halikulishika, basi wewe ukaenda ukasimama juu yake ulikandamize kwa uzito wako. Ulimwambia, "Vuta kidogo kidogo, kijana, usiwe na papara kama uko harusini." Akavuta. Gari likasogea kiganja kimoja. Daudi anasema alifurahi, alitaka kupiga kelele. Kisha akasikia ngao inalia, sauti nyembamba, kama mtu anayevuta kiti sakafuni. Aliachia swichi. Anaapa aliiachia. Lakini waya ulikuwa umeshakaza, na ngao pamoja na winchi viliruka vikifuata waya kwenda kule ulikofungwa, ambako ulikuwa umesimama wewe.

Winchi ingekuwa nyuma, Mzee, usingesimama pale. Waya ungefungwa kwenye ile miti ya migunga mliyokuwa mmeipita. Na ingekuwa kwenye chesisi, hata kama ni mbele, isingeng'oka. Nimelipanga jambo hili kichwani mara nyingi na kila mara linaishia kwenye simu yangu.

Ripoti niliichapa mimi. Meneja alisema, nikachapa: dereva alisimama mahali pasipofaa wakati wa kuvuta gari. Vidole vyangu havikutetemeka hata kidogo, na jambo hilo linaniogopesha kuliko mengine. Nilirekebisha hata nukta.

Kwenye arobaini yako nilikuja Mungaa. Mkeo, Mama Mwanaidi, amekonda. Kisomo kilipokwisha alinikalisha jikoni, akanipa wali na nyama ya kuku, akaniambia nile, eti ulikuwa unamwambia kwamba kuna mtoto ofisini anasoma sana lakini hali. Nilikula huku nimeinama. Kisha akauliza, akiwa anakoroga sufuria, hakugeuka: "Wanasema mzee wangu alikosea kusimama. Wewe mwanangu una elimu. Kweli alikosea?"

Nilikuwa na chakula mdomoni. Nilimeza. Nikasema, "Mama, mimi sijui mambo ya magari."

Alisema, "Haya." Akaniongeza mchuzi.

Nikarudi mjini siku ileile, sijamwambia.

Sasa nikuambie ya wiki hii, maana yananikimbiza. Kuna kijiji ng'ambo ya mbuga ileile, pampu ya kisima chao imekufa. Mwenyekiti wao anapiga simu kila siku, na sauti yake imezidi kuwa ya upole, ningeona nafuu kama angenitukana. Wanachota maji kwenye mashimo, pamoja na mifugo, na watoto wanaharisha. Pampu mpya imefika, iko stoo karibu na winchi. Mawingu yameanza kukaa upande wa Ikungi tangu Jumapili, meusi chini, hayanyeshi wala hayaondoki. Kila mtu anajua yakiachia, mbuga itafungwa. Kuna njia ya kuzunguka, ndefu, siku mbili, Meneja hataki kuisikia.

Jana asubuhi aliniita. Alisema ile winchi itolewe stoo, isafishwe, ifungwe kwenye gari jipya, na safari ni kesho Alhamisi. Nikauliza ifungwe wapi. Akaniangalia kama nimeuliza jina lake. "Pale pale, kwenye ngao. Safari hii wachomelee vizuri. Tatizo halikuwa ngao, Upendo, tatizo alikuwa dereva. Si uliichapa ripoti wewe?"

Nikasema ndiyo, Meneja. Nikatoka na fomu mkononi. Kwenye korido nikakutana na Jumanne. Akaniuliza kwa utani, "Vipi dada karani, wamesemaje, mimi nafungiwa wapi?" Hakuwa na maana mbaya. Lakini alisema nafungiwa, siyo inafungwa. Nikaenda chooni, nikakaa huko hadi mtu akagonga.

Halafu nikafanya jambo, Mzee. Nilitembea kwa miguu hadi Utemini, sikutaka kupanda pikipiki, nilihitaji huo muda. Fundi Idi alikuwa amekaa kwenye tairi anakunywa chai. Nilimwambia mbele ya vijana wake wote: siku ile uliponipigia, sikuwa nimeongea na Mzee. Sikujua tofauti. Nilisema ngao kwa sababu niliona aibu.

Fundi alimwaga chai iliyobaki. Kisha akasema, "Na mimi nilijua." Nikamwangalia. "Nilijua ngao haifai. Karatasi ilikuwa na muhuri, nikajisemea, huyu mtoto amesoma, labda wamepima. Na ilikuwa Ijumaa, nilitaka kwenda nyumbani." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Kila nikilala naiona ile weldi. Weldi yangu mwenyewe."

Kwa hiyo tuko wawili, na hatukufarijiana hata kidogo. Wewe ungetutania. Ungesema, tazama hawa, mmoja ana kalamu, mmoja ana moto, wote hawana mdomo.

Nikaandika fomu palepale, juu ya boksi la spea: nyuma, kwenye chesisi, bamba la chuma, bolti sita, tatu kila upande. Niliandika hadi unene wa bolti, Fundi akinitajia. Halafu nikapeleka kwa Meneja nakala, pamoja na karatasi nyingine nilimoeleza ile simu, kwa jina langu na saini yangu. Alizisoma akiwa amesimama. Alikunja ile ya pili mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Unajua mkataba wako unaisha lini?" Nikasema najua. Akasema, "Haya, nyuma. Fungeni nyuma, fungeni hata juu ya paa. Lakini Alhamisi saa mbili gari linaondoka, na karatasi ya ruhusa utaigongea muhuri wewe, maana umejifanya fundi."

Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata. Nilipofungua stoo ili winchi ichukuliwe, waya ulikuwa umejiachia wote, umeizunguka pampu ya watu wa ng'ambo mara mbili. Jumanne alicheka, akautoa. Kisha akaacha kucheka.

*

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi.

Mzee, ninaandika haraka. Usiku kulikuwa na radi upande wa Ikungi bila sauti, mwanga tu. Nimefika ofisini kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Fundi Idi na vijana wake wamefanya kazi hadi jana magharibi, gari limeletwa hapa, na asubuhi hii amekuja mwenyewe kukaza mara ya mwisho kabla sijagonga muhuri. Nilimwomba nilale chini nione. Nimevaa suruali.

Bamba ni zuri. Ni nene, limekaa sawasawa. Bolti tatu za kulia zimekaza, nimezishika moja moja. Za kushoto mbili zimekaza. Ya sita Fundi alikuwa anaikaza huku mimi naangalia, na nikaona uso wake unabadilika. Spana ilikuwa inakwenda. Inakwenda tu, haifiki mwisho. Akaichomoa. Akachukua nyundo ndogo, akagonga chesisi upande wa kulia, ikalia vizuri, kama kengele ya shule. Akagonga kushoto, hapo penye tundu la sita, sauti ikawa fupi, imekufa.

Akasema kwa sauti ya chini, "Karani, umesikia?"

Nilisikia.

Akakwangua rangi kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na rangi nyingine, na chini yake kutu, na ndani ya kutu ufa. Ni mwembamba, unaanzia kwenye tundu na kupanda juu kama unywele. Mtu fulani huko lilikotoka aliuona, akaupaka rangi, akaliachia gari liende kwa wengine. Uti wa mgongo wenyewe, Mzee. Nimeweka kucha yangu ndani ya ule ufa na kucha imeingia.

Nilimuuliza Fundi itashika? Akasema, "Ikivutwa kidogo itashika." Nikamuuliza ikivutwa sana? Akasema hajui. Nilimshukuru kwa neno hilo. Akasema kuponya ni kulifungua gari, kukata, kuweka kiraka cha chuma pande zote mbili, siku nne, labda tano.

Jumanne amekuja, amechuchumaa, ameuona. Akasema, "Mimi nimeagizwa niende. Mkisema niende nitaenda. Watu hawana maji." Alisema bila ushujaa wowote. Picha ya wale mapacha ameibandika kwenye dashibodi tayari.

Meneja amefika saa moja na dakika ishirini. Fundi amemwonyesha. Ameinama kidogo tu, hakutaka kuchafua goti, akasema gari hizi zote zina nyufa, hata barabara zina nyufa, hata yeye ana ufa. Vijana walicheka kwa sababu ni bosi. Kisha akanigeukia. "Upendo, muhuri."

Nimesema naomba dakika kumi niandike karatasi vizuri. Nimeingia ndani, nimefunga mlango, na badala ya karatasi ile ninaandika hii.

Naogopa. Sijui kuliandika kwa namna nyingine. Naogopa kufukuzwa, mama yangu ananitegemea. Naogopa sauti yake akikasirika. Naogopa nikikataa, mtoto mmoja ng'ambo atakufa kwa maji machafu katika siku hizi tano, na watasema ni Upendo, karani mwenye makaratasi, ndiye aliyeizuia pampu. Hilo linaweza kuwa kweli. Nikigonga, Jumanne ataingia mbugani na mawingu haya juu yake, na akikwama atavuta, na chuma kitaamua. Hakuna upande ambao mikono yangu inabaki safi. Wewe ulizoea mambo kama haya kila msimu na ulikuwa unapiga mluzi.

Hata hivyo nimeamua, acha niandike kabla sijabadilika.

Ahadi ya kwanza: gari hili halitoki leo kwa muhuri wangu. Nitaandika kwa nini, ukubwa wa ufa, upande, tundu la ngapi, na nakala nitaipeleka kwa mkono wangu wilayani, maana najua mifuko ya Meneja. Pampu iende na lori la mabomba kwa njia ya kuzunguka, siku mbili. Nimeshampigia mwenyekiti nikiwa hapahapa mezani, nimemweleza kila kitu, hadi jina langu. Akasema, "Mbili, dada. Zisiwe tatu." Sina uhakika kama zitakuwa mbili.

Ahadi ya pili: Jumapili nitakuja Mungaa. Nitakaa jikoni kwa Mama Mwanaidi, na sitakula kwanza. Nitamwambia hukukosea kusimama, ulisimama pale kwa sababu ya neno langu, na ripoti nitaiandika upya hata kama nitaiandika nikiwa si karani tena. Akinifukuza nitaondoka. Akilia sitamwambia anyamaze.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi, ni rahisi mno. Naomba tu, kama huko uliko mtu anaruhusiwa kusukuma kitu kidogo, uyashikilie hayo mawingu hadi kesho kutwa.

Imepigwa honi. Si ya Jumanne, yeye hapigi hivyo. Ni Meneja, ameingiza mkono kwa dirisha la gari hadi kwenye usukani, ninamwona kwa upenyo wa pazia, na nyuma yake upande wote wa Ikungi umekuwa rangi ya bluu nzito na vumbi limeanza kutembea chini kwa chini kuja huku.

Kwaheri, Mzee wangu. Umelala mahali pema, nilikishika kile kifusi cha kaburi lako kwa mkono wangu siku ya arobaini, ni kigumu. Muhuri nimeuacha kwenye droo na nimefunga. Ufunguo ninao. Tone la kwanza limeanguka juu ya bati, zito, na la pili.

Wanagonga mlango. Natoka.

Mwanao wa ofisini,
Upendo